Mgeni ndo afuate ratiba ya mzee

(Haya ni maongezi yangu kwenye kikao cha familia zinazouguza wazazi wenye Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaompotezea mtu kumbukumbu. Wengi hamkuweza kufika kwa sababu zinazojulikana, kwa hiyo nimeyaandika yote kama nilivyoyasema.)

Shikamooni wazee wangu, na sisi wengine habari za saa hizi. Asanteni kwa kuja. Najua kuna watu humu kutoka nyumbani tu imekuwa kazi, umemwachia nani mzee, amekula, dawa amepewa au bado, na wengine nawaona mnachungulia simu chini ya meza kujua nyumbani kukoje. Chunguleni tu, hapa hakuna atakayekasirika.

Nimeombwa niongelee wageni. Na sio wageni baki, naongelea watu wetu wenyewe, watoto wa mzee, wajukuu, dada zake, mashemeji, wanaokuja kumsalimia likizo au wikiendi, tena wanakuja kwa mapenzi kabisa. Ndo maana jambo lenyewe gumu, wangekuwa watu wabaya ungefunga mlango yakaisha. Sasa huyu ni mdogo wako wa tumbo moja, kasafiri usiku kucha, kabeba zawadi, amemkumbuka mama yake, utamwambia nini?

Mimi nimekuja na neno moja. Mgeni ndo aingie kwenye ratiba ya mzee, ratiba ya mzee isimpishe mgeni. Nitalirudia mpaka mnichoke.

Kwanza kwa nini naishikilia ratiba hivo. Watu wakisikia ratiba wanadhani ni ukali wa mlezi, kwamba fulani anapenda kutawala, kila kitu saa, kila kitu saa. Jamani hapana. Alzheimer mara nyingi inaanzia kuharibu sehemu ya ubongo inayoitwa hipokampasi na sehemu zilizo jirani yake, na hapo ndo yanaposhikwa mambo mapya, ya asubuhi hii, ya jana, nani kaja, tumekubaliana nini. Ndo maana mzee anakusimulia ya ujana wake na majina na kila kitu, halafu hajui kama amekula. Lakini mazoea, yale ambayo mwili umeyafanya miaka na miaka, yanategemea sehemu nyingine za ubongo na hizo zinachelewa kuguswa.

Kuna Mmarekani mmoja aliyewafundisha wanasayansi jambo hili, Henry Molaison, ambaye kwa miaka mingi waliandika H.M. tu kumficha jina. Yeye hakuwa na Alzheimer, alikuwa na kifafa kikali, mwaka 1953 akafanyiwa upasuaji wakamtoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Kifafa kikapungua, ila kuanzia hapo jambo jipya halikukaa tena, unaongea naye, unatoka nje, ukirudi anakusalimia kama hajawahi kukuona. Sasa mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi, chora nyota huku mkono wako unauona kwenye kioo tu. Jaribuni muone, mkono unaenda kinyume kabisa. Molaison akafanya siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila siku mkono unazidi kuwa mwepesi mpaka nyota inatoka vizuri. Na ukimuuliza umewahi kufanya kitu kama hiki, anasema hajawahi. Mnaona? Yeye mwenyewe hana habari, mkono wake unajua.

Nyumbani kwetu mimi naliona hili kila usiku. Baba amefunga milango ya nyumba yake tangu sisi tukiwa watoto. Leo hajui ni mwezi gani, kuna siku jina langu linampotea, lakini giza likiingia anasimama mwenyewe, anaenda mlango wa mbele, anazungusha ufunguo, anautikisa mlango kuhakikisha, anasukuma komeo, halafu anaupiga mlango kwa kiganja mara mbili, taratibu. Kisha mlango wa nyuma, hivohivo. Akimaliza anapiga miayo, ukimwambia Baba twende ukalale anakwenda bila neno.

Wakaja wageni. Nyumba imejaa, furaha tupu, magodoro yametandikwa sebuleni mpaka mlangoni, vijana wako nje wanapiga stori. Giza likaingia, Baba akasimama, kufika mlangoni anakuta njia imezibwa na mlango uko wazi. Mtu akamwambia kwa upole kabisa, Babu pumzika, sisi tutafunga. Akarudi kukaa. Akasimama tena. Akaambiwa tena. Mpaka saa 7 usiku Baba anazunguka nyumba amekasirika anauliza hawa watu ni nani na nani kawaruhusu kulala kwake. Asubuhi ndugu zangu wananiambia, jamani ugonjwa umeongezeka. Umeongezeka wapi? Amenyimwa mlango wake! Usiku uliofuata tukahamisha magodoro, vijana wakaingia ndani mapema, Baba akafunga milango yake yote miwili, akaipiga kiganja, akalala mpaka asubuhi.

Kwa hiyo mtu akikuambia ratiba ni ukali mwambie hapana, kumbukumbu zake zilizobaki ndo zimekaa humo.

Sasa sisemi kila kitu kiwe chuma. Ukikaza kila kitu watu wataacha kuja, na mzee akikosa watu hilo nalo ni baya, pengine baya zaidi, na wewe mlezi utabaki peke yako. Shika nguzo chache. Saa ya kuamka, saa za kula, dawa, kwenda choo, kulala kidogo mchana, na ile saa ya kuelekea usiku. Na mahali pake, kitanda chake, kiti chake, njia yake ya chooni. Hayo hayaguswi. Yaliyobaki, watu wacheke, wapige picha, wale saa watakayo, shida iko wapi?

Mahali ndo watu wanapadharau. Familia moja naifahamu walikuja wageni wengi wakaona chumba cha Mama ndo kikubwa, basi Mama akahamishiwa chumba kidogo, usiku miwili tu, itamdhuru nini. Mama yule kwa miaka akiamka usiku anashuka kitanda upande wa kulia, anashika ukuta, hatua chache yuko chooni, hata taa hawashi. Usiku ule akashuka kulia akakutana na kabati. Akapapasa, akazunguka, akajikojolea pale gizani, akabaki amesimama anatetemeka kwa aibu maana ugonjwa ule aibu hauiondoi, mnaskia? Aibu inabaki. Asubuhi wageni wanaulizana, siku hizi hawezi kubana mkojo? Anaweza sana! Choo hakijahama, kitanda ndo kimehama. Wakamrudisha chumbani kwake tatizo likaisha, ila alishateseka usiku mzima bure.

Na kuna yule ndugu mchapakazi, kila familia anaye, akifika tu anaanza kupanga. Anapanga kabati, anahamisha kiti, miwani iliyokuwa dirishani anaiweka droo ili isivunjike. Anafanya kwa moyo mweupe. Mzee anaikuta nyumba yake sio nyumba yake, miwani haipo, anaanza kusema ameibiwa, na aliyetajwa mwizi ni mgeni. Mwambie mapema, tena kabla hajavua viatu, usafi tunakushukuru, ila kila kitu kirudi pale pale ulipokikuta.

Sasa niguse jambo linalogombanisha ndugu kuliko hata pesa. Mzee anajikaza mbele ya wageni.

Wangapi hapa wameshaambiwa, mbona mzee mzima, unatuzidishia? Naona mikono. Angalieni mikono jamani, karibu chumba kizima.

Dada mmoja tunayeuguza pamoja alinisimulia huku analia. Kaka yake alikuja asubuhi, Mama kavaa vizuri, kaketi wima, anacheka, kaka anauliza watoto hawajambo, Mama anajibu hawajambo kabisa. Na kazi? Tunaendelea tu. Afya je? Tunamshukuru Mungu. Kaka akala mchana akaaga, mlangoni akamgeukia dada yake akasema Mama hana shida, wewe umechoka tu. Jua linazama, Mama hajui yuko wapi, anavua nguo, anampiga binti yake anamwita mwizi, mpaka usiku wa manane. Na kaka yuko njiani anarudi kwake na habari njema.

Ngoja niwaambie kilichotokea pale. Maswali ya salamu yana majibu ya salamu, na mtu ameyajibu maisha yake yote, hayo nayo ni mazoea kama Baba yangu na milango yake. Hayaonyeshi kumbukumbu ikoje. Halafu kujikaza kunachosha sana, ubongo unatumia nguvu zote ulizobakiwa nazo, mgeni akitoka nguvu zimeisha, na anayepokea uchovu ule ni wewe. Kwa hiyo ndugu anayetaka kujua hali ya mzee asije saa 4 asubuhi akaondoka saa 8 mchana. Alale. Na jioni yeye ndo amvue viatu, amwogeshe, amlaze, wewe ukae pembeni. Sio kumkomoa, nia yangu sio hiyo kabisa, ni ajue. Wengi wakishashika jioni moja wanabadilika, wanaanza kupiga simu kuuliza na wewe umelala?

Twende kwenye maongezi yenyewe. Mgeni anaingia, anainama mbele ya mzee, anasema unanikumbuka? Mimi nani? Kama mimi nani? Na wa pili naye, na wa tatu, mzee yuko kwenye mtihani sebuleni kwake mwenyewe, kila akikosea watu wanatazamana. Jamani huyu mtu anaona nyuso zenu! Jina anaweza kulikosa, uso uliokata tamaa anausoma vizuri kabisa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani waliwaonyesha watu wenye Alzheimer vipande vya filamu vya huzuni na vya furaha. Baada ya muda mfupi wengi hawakukumbuka walichoangalia, wengine hata kwamba wameangalia kitu hawakujua. Lakini ile huzuni ilikuwa bado wanayo, na furaha vilevile. Sasa piga hesabu mtihani wenu wa mimi nani unamwachia nini mchana kutwa, wakati nyie mmeshahamia stori nyingine.

Ukiingia jitaje. Shikamoo Mama, mimi fulani, mtoto wako wa pili, nimekuja kukaa na wewe. Basi. Kaa usawa wa macho yake, mmoja aongee kwa wakati, uliza kitu kimoja halafu subiri, na subiri kweli, usijibu wewe. Na akimuulizia mumewe aliyefariki zamani msianze kumpa taarifa za msiba, maana kwake ni msiba mpya kila mkimwambia. Mwambie umemkumbuka eh, hebu nisimulie habari zake. Atasimulia mpaka ufurahi.

Saa nzuri ya wageni ni ipi? Wewe unayekaa naye ndo unajua, kwa wengi ni asubuhi akishaamka vizuri na kula. Jua likianza kushuka wengi wao wanachafukwa, wanahangaika, wanataka kwenda nyumbani na wako nyumbani. Uchovu wa siku nzima upo, na ile saa ya mwili iliyoko kwenye ubongo inayotofautisha usiku na mchana nayo inaharibiwa na ugonjwa, halafu mwanga ukififia vivuli vinamtisha. Kwa hiyo jioni ndo nyumba ipoe. Taa ziwashwe kabla giza halijaingia, tivii izimwe, watoto wacheze chumba kingine, wageni wapungue pale alipo. Shida ni kwamba wageni wengi jioni ndo wanachangamka! Hapo simama imara. Nyumba ina vyumba vingine, kuna nje.

Dawa nitasema haraka. Mtu mmoja ndo anatoa dawa, iandikwe kwenye karatasi, ukutani. Mgeni anaona saa imefika, anampa kwa wema, dakika kumi baadaye na wewe unampa, tayari ameshameza mara mbili. Na mgeni asimpe mzee dawa yoyote aliyokuja nayo kwenye begi, hasa za mafua na za usingizi zinazouzwa bila cheti, maana nyingi zinazuia kemikali ya ubongo inaitwa asetilikolini, na dawa za Alzheimer kama donepezili zinahangaika kuilinda kemikali hiyohiyo. Unamwaga huku mwenzio anajaza.

Sasa mtaniuliza haya yote ndugu zangu nawaambiaje bila kuonekana najifanya mwenye mzee? Mimi natuma ujumbe kabla hawajafunga safari, nawasomea kama ulivyo:

"Karibuni sana, Baba atafurahi. Anaamka saa 1, akishakula mpaka saa 5 ndo yuko vizuri, saa hizo ni zenu. Saa 8 analala kidogo, tusiongee karibu na dirisha lake. Kuanzia saa 11 tunapunguza kelele. Chumba chake na kiti chake cha dirishani tumwachie. Saa 1 usiku anafunga milango, naombeni tuwe ndani. Mkija, kila mmoja achague kazi moja ya kufanya naye."

Hiyo sentensi ya mwisho naomba muibebe kuliko zote. Maana mgeni ukimwambia usifanye hiki, usiguse kile, anakaa kama yuko ofisini kwa mtu, anajiona hatakiwi. Mpe nafasi ndani ya siku ya mzee. Kaka yangu akija yeye ndo anamnyoa Baba. Baba ananyolewa asubuhi hata kaka asipokuwepo, kiti kilekile, taulo begani, kioo mkononi anakishika mwenyewe. Siku kaka yupo anakaa tu mahali pangu. Hawaongei sana. Baba ananyoosha shingo, anavimbisha shavu bila kuambiwa upande huu umeisha, kaka anafuata na wembe, na akimaliza Baba anajipapasa kidevu anasema umejitahidi kijana. Hajui kila mara kama kijana huyo ni mwanae. Kaka ameniambia hakuna maongezi aliyowahi kufanya na Baba anayolinganisha na ile nusu saa.

Na mjukuu je? Kama babu anatembea kila asubuhi mpaka getini na kurudi, mjukuu atembee naye. Bibi anakunja nguo, mtoto akunje naye, hata kama nguo hizohizo zitakunjwa tena baadae, nani anahesabu?

Na hapo ndo na wewe mlezi unapumua. Mgeni akae na wewe siku ya kwanza aone mambo yanavyokwenda, siku ya pili toka. Toka kweli, nenda kalale, nenda popote, usikae jikoni unasikiliza. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wanaishi na dimensia, yaani magonjwa ya ubongo yanayoharibu kumbukumbu na akili, na katika hao Alzheimer peke yake ni kama asilimia 60 hadi 70. Nyuma ya wengi wao kuna mtu kama wewe uliyekaa hapo ambaye hajalala usiku mmoja mzima siku nyingi. Ndugu aliyekuja kukupokea zamu amemletea mzee zawadi kubwa.

Na mzee mwenyewe aambiwe lini kwamba wageni wanakuja? Usimwambie wiki moja kabla. Atauliza wako wapi kila baada ya dakika tano, atakaa dirishani, atakataa kula akiwasubiri. Mwambie asubuhi ileile, au wakiwa wanakaribia kufika.

Kuondoka nako kuna mambo yake. Mabegi yakipangwa mlangoni na watu wakaanza kukumbatiana, mzee akiona mabegi na yeye anatafuta viatu, maana safari anaijua hata kama hajui ya wapi. Mabegi yatoke kimyakimya. Waage mmojammoja, kwa ufupi, msianze vilio, na mtu abaki naye kwenye kitu anachokifanya kila siku saa hiyo. Na mlango jamani, mlango! Katika vurugu za kuaga geti linabaki wazi na kila mtu anadhani mzee yuko na mwenzie. Chagueni kabisa kwa jina, fulani wewe macho yako kwa Baba mpaka gari litoke.

Kesho yake usipange kitu. Hakuna hospitali ya kawaida, hakuna kwenda kuona watu, ni siku ya kawaida kabisa. Atakuwa amechoka, anaweza kukasirika au kulala sana, na kwa kawaida siku mbili tatu akirudi kwenye mambo yake anatulia.

Ila hapa mnisikilize vizuri. Akibadilika ghafla, ndani ya saa chache au siku moja mbili, akawa amechanganyikiwa kuliko kawaida yake, anasinzia haamshiki au anaona vitu visivyokuwepo, usiseme ni wageni wamemchosha ukasubiri. Alzheimer haikimbii hivo. Mara nyingi ni maambukizi ya mkojo au kifua, au hajanywa maji ya kutosha, hajapata choo siku nyingi, ana maumivu ambayo hawezi kuyasema, au amemeza dawa isiyo yake. Na siku za wageni ndo tunasahau hata kuangalia kama amekunywa maji. Mpeleke akapimwe siku hiyohiyo, na mwambie daktari waziwazi, huyu jana alikuwa hivi, leo yuko hivi, na wageni walikuwepo na hizi ndo dawa zilizokuwa ndani ya nyumba.

Mimi nimemaliza. Yule mama wa nyuma alinyoosha mkono tangu tulipokuwa kwenye habari ya chumba, naomba tuanze na yeye.